Wasomaji Wauliza: Triathloni ndefu, maji ya Mikindani na tumbo linalogoma

Barua za safari hii karibu zote zimetoka Kusini, na karibu zote zinauliza jambo moja: namna ya kujiandaa kwa triathloni ndefu ya kwanza. Kwa asiyeijua, ni kuogelea kilomita 3.8, kuendesha baiskeli kilomita 180, kisha kukimbia marathoni nzima ya kilomita 42.2, yote kwa siku moja. Masafa hayo yalianzia Hawaii mwaka 1978. Walianza watu 15, wakamaliza 12, na wa kwanza alitumia saa 11 na dakika 46. Barua tumezifupisha na majina tumeyaacha.

Shikamooni wataalamu. Nina miaka 31, nafanya kazi za zamu bandarini. Nimekimbia marathoni mbili, bora yangu saa 4 na dakika 10. Kuogelea najua tangu utoto. Nina miezi tisa. Yatosha? Na kwa wiki nitenge saa ngapi? — Msomaji, Shangani, Mtwara

Marahaba. Miezi tisa yatosha, mradi usiitumie yote kukimbia. Wakimbiaji wana kasoro hiyo: wakipata nafasi, miguu inawapeleka kwenye kile wanachokiweza tayari.

Kabla ya kupanga mazoezi, piga hesabu ya muda wa mwisho unaoruhusiwa. Mashindano mengi ya masafa haya hutoa saa 17 kwa jumla. Kuogelea hufungwa saa 2 na dakika 20 baada ya kuanza, na baiskeli hufungwa saa 10 na nusu baada ya kuanza. Tuseme umeogelea kwa saa 1 na dakika 45, ukatumia dakika 10 kubadilisha nguo. Zinabaki saa 8 na dakika 35 za baiskeli, yaani mwendo wa kilomita 21 kwa saa. Hapo ndipo mstari wa kufa na kupona ulipo, na hauruhusu pancha mbili. Ukiweza kilomita 24 kwa saa, baiskeli inakwisha kwa saa 7 na nusu. Ongeza dakika 10 nyingine za kubadilisha, na bado una saa 7 na dakika 25 za marathoni. Hiyo ni dakika 10 na nusu kwa kilomita moja, mwendo wa mtu anayetembea haraka akichanganya na kukimbia kidogo.

Kwa hiyo asiyekuwa na baiskeli nzuri miguuni hana mashindano, hata awe na marathoni ya saa tatu. Nusu ya muda wako wa mazoezi iende kwenye baiskeli. Robo na ushei iende kwenye kukimbia, na kinachobaki kwenye maji.

Saa: anza na 6 au 7 kwa wiki kwa miezi miwili ya kwanza. Panda taratibu hadi 9 au 10, na katika wiki tatu au nne nzito kuliko zote fika 12. Kila wiki ya nne punguza theluthi moja ya kazi, hata kama unajisikia simba. Safari ndefu ya baiskeli ikue kutoka kilomita 60 hadi 150 au 160. Mbio ndefu ziishie saa 2 na dakika 45 au kilomita 30, lolote litakalotangulia, na ziwe zimefanyika angalau wiki nne kabla ya siku yenyewe. Hakuna haja ya kukimbia kilomita 42 mazoezini. Utachoka wiki mbili na utakuwa umejifunza kitu unachokijua tayari. Wiki tatu za mwisho shusha saa, lakini usiache kasi kabisa.

Karibu mazoezi yote yawe mepesi kiasi cha kuweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Mara moja kwa wiki kwa kila mchezo ndipo ukaze.

Kwa mtu wa zamu, siku ya kutoka zamu ya usiku isiwe siku ya baiskeli barabarani. Usingizi na lori havipatani. Siku hiyo ogelea kidogo baada ya kulala, au pumzika kabisa.

Jambo la mwisho: katikati ya safari, mwezi wa tano hivi wa mazoezi yako, fanya nusu yake kwanza, yaani kilomita 1.9, 90 na 21.1. Mojawapo ya zilizo karibu na sisi ni ya Rubavu, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, iliyoanza mwaka 2022. Kumbuka tu kwamba ziwa hilo liko mita zaidi ya 1,400 juu ya usawa wa bahari, na wewe unatoka mita sifuri. Pumzi itakuwa fupi siku za mwanzo, usikaze mpaka uizoee.

Mimi naishi Mikindani. Naogelea asubuhi kabla ya kazi, saa kumi na mbili na nusu. Siku nyingine narudi ufukweni kwa dakika 20, siku nyingine napigana na maji dakika 40 kwa umbali uleule. Tena nikifika mita 400 pumzi inakata. Nifanyeje? — Mwalimu wa shule ya msingi

Mwalimu, swali lako lina mambo mawili, na la kwanza wangekujibu wavuvi wa hapo hapo mtaani bila malipo.

Katika pwani yetu, siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hukupwa karibu saa nne. Ina maana saa kumi na mbili na nusu asubuhi yanatoka kwa nguvu zake zote, na ghuba yenye mlango mwembamba huyatoa kwa kasi zaidi. Wewe unaogelea kwenda nje ukiwa umebebwa, kisha unageuka na kukutana na mto. Siku za maji mafu, wiki moja baadaye, kujaa kunakuja karibu saa nne asubuhi. Saa ile ile ya kumi na mbili na nusu maji yanaingia, tena polepole, na ukigeuka yanakusukuma nyumbani. Kila siku kujaa kunachelewa kama dakika 50, kwa hiyo hesabu si ngumu. Weka kalenda ya mwezi karibu na saa yako.

Mazoezi marefu ya maji yapange wiki ya maji mafu. Wiki ya bamvua fanya mafupi, sambamba na ufukwe, mahali unapoweza kusimama, au uhamie jioni nusu saa kabla na baada ya maji kujaa. Usivuke mlango wa ghuba yanapotoka. Hili halina mjadala. Mkondo ukikuchukua, usipigane nao kwa kuelekea ufukweni moja kwa moja. Kata ubavuni mpaka utoke ndani yake.

Usiogelee peke yako. Mwenzako awe ndani ya mtumbwi au ngalawa, upande unaogeuzia uso kuvuta pumzi. Jifunge kiunoni kidumu cha njano cha mafuta ya kula cha lita 5, kitupu, kifuniko kimekazwa, kwa kamba ya mita moja na nusu. Hakikupunguzii mwendo wa maana, ila mwenye mashua ya injini atakiona kutoka mbali, wakati kichwa cha mtu hakionekani.

Sasa pumzi. Karibu kila aliyejifunzia baharini huogelea kichwa kikiwa juu kama anayemtafuta mtu, miguu ikazama, mwili ukasimama mteremko. Halafu hubana pumzi chini ya maji na kujaribu kutoa na kuvuta katika sekunde ile moja uso unapotoka. Hewa chafu haijatoka yote, safi haina pa kuingia, na mita 400 baadaye kifua kinalipuka. Toa pumzi uso ukiwa majini, mfululizo, kwa pua na mdomo, mapovu yasikie kwenye mashavu. Uso ukigeuka kazi iwe moja tu, kuvuta. Fanya hivi ukiwa umesimama maji ya kifua, mara 20, kabla ya kila zoezi. Macho yatazame chini, si mbele. Kisha kila baada ya mikono minane inua macho tu, kama mamba, uone alama ya nchi kavu, na hapo hapo geuka uvute pumzi.

Badala ya kuogelea mita 800 mfululizo ukiwa umeharibika, ogelea mita 50 mara 16, ukipumzika sekunde 15 kila moja. Zikilainika, fanya mita 100 mara 10, kisha 200 mara 6. Umbali upime kwa kamba ya mita 50 yenye boya kila mwisho, kwa maana saa za mkononi hupoteza mawasiliano na satelaiti kila mkono unapozama, na umbali wake majini haukubaliani na ukweli. Kilomita 3.8 ni mita 100 mara 38. Ukiweza kila mia kwa dakika 2 na sekunde 45, unatoka majini kwa saa 1 na dakika 45 hivi. Muda wa kufungia unaruhusu dakika 3 na sekunde 40 kwa kila mia, kwa hiyo hofu uiache nchi kavu.

Shingo na makwapa yapake mafuta ya mgando. Chumvi ya bahari ikikutana na mshono wa nguo kwa saa nzima, ngozi inachunika, na utalijua hilo utakapopanda baiskeli na jasho likashuka.

Suti ya mpira hapa haina kazi. Mashindano mengi hupiga marufuku kuivaa maji yakizidi nyuzi 24.5, na maji yetu huzidi kiwango hicho sehemu kubwa ya mwaka. Ukienda Gqeberha, Afrika Kusini, utaihitaji, kule maji ni ya baridi. Iazime mapema, ijaribu alfajiri kwa dakika 10 au 15 tu, maana katika bahari ya Mtwara ni kama kujifungia ndani ya jiko.

Nimenunua baiskeli ya mtumba ya resi, rimu za alumini, tairi nyembamba. Nimeweka cheni mpya lakini nikikanyaga kwa nguvu inaruka. Fundi wangu anasema nikaze waya. Pia kila nikipata pancha njiani hakuna pampu inayoingia. — Dereva, Masasi

Fundi wako anatibu homa kwa kupaka rangi kucha. Cheni mpya inayoruka ukikaza ina maana gia za nyuma zimekwisha. Cheni kuukuu ilikuwa imerefuka na kuyachonga meno kwa urefu wake. Umeleta cheni fupi, haikai. Tazama gia unazotumia sana: jino zima lina kilele butu kilicho sawa pande mbili, bovu limechongoka na kulala upande mmoja kama pezi la papa. Badilisha seti yote ya nyuma pamoja na cheni. Gia kubwa za mbele huishi zaidi, zikague tu.

Ili lisirudie, pima cheni kila mwezi kwa rula ya chuma. Kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini ya 24 baada yake, cheni mpya ni inchi 12 kamili. Ikizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, itoe, gia zitapona. Kwa anayeendesha kando ya bahari, chumvi na mchanga huimaliza cheni mapema kuliko bara. Ukirudi, futa cheni kwa kitambaa, suuza baiskeli kwa maji baridi bila presha, kausha, weka tone moja la oili kwa kila kiungo, subiri, kisha futa ya juu. Oili inayobaki nje haisaidii, inakamata mchanga na kugeuka msasa. Bomba la siti lichomoe mara moja kwa miezi miwili ulipake grisi, la sivyo litashikana na fremu na siku utakapotaka kushusha siti utahitaji msumeno.

Kuhusu pampu: tyubu zako zina vali nyembamba, na pampu za mtaani ni za vali nene kama ya gari. Nunua kiunganishi kidogo cha shaba cha kuvisha juu ya vali nyembamba, ukifunge na uzi kwenye mfuko wa siti, nacho kitakuokoa kijiji chochote chenye fundi. Lakini beba pampu yako pia, tyubu mbili, vipande viwili vya plastiki vya kutolea tairi, viraka na gundi. Kabla ya kuweka tyubu mpya, pitisha kitambaa ndani ya tairi lote. Mwiba uliotoboa ya kwanza bado umekaa pale unakusubiri. Kitambaa kitanasa, kidole kitatoboka. Fanya zoezi la kubadilisha tyubu ya nyuma nyumbani mpaka uweze kwa dakika 10 mikono ikiwa na jasho.

Upepo wa tairi kwa mtu wa kilo 70: tairi la milimita 25 lijaze psi 80 hadi 85, la 28 psi 70 hadi 75. Kujaza hadi likawa jiwe hakuongezi kasi kwenye lami yenye kokoto, kunakurusha tu na kuumiza mikono.

Siti ipime kwa kisigino. Kaa, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, na mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukirudisha unyayo mahali pake, goti litapinda kidogo, na hapo ndipo. Siti ya chini huumiza goti mbele, ya juu huumiza nyuma ya goti.

Kuhusu njia, ukitoka Mtwara hadi njia panda ya Mingoyo ni kilomita 80 na ushei, kwenda na kurudi umepata safari yako ndefu. Ondoka alfajiri, taa nyekundu nyuma ikiwaka hata mchana. Malori ya makaa ya mawe yaendayo bandarini hayana subira, na msimu wa korosho yanaongezeka mengine. Msimu wa kusi anza kwa kuelekea upepo ulipotoka, ili urudi nao ukiwa umechoka. Anayetaka vilima apande kuelekea Newala. Ule mlima utamfundisha kubadilisha gia mapema.

Kila nikiendesha zaidi ya saa nne natapika. Nabeba chupa ya mililita 750 yenye vijiko vikubwa 10 vya sukari, madafu chupa moja, na korosho za kuchoma robo kilo. Naanza kula saa ya tatu ili kutunza. Nimefika mahali nachukia hata harufu ya ndimu. — Msomaji, Lindi mjini

Pole, na asante kwa kutaja vipimo, kwa sababu ugonjwa uko ndani ya vipimo.

Kijiko kikubwa cha sukari kilichosawazishwa ni gramu 12 hivi. Vijiko 10 ni gramu 120 ndani ya mililita 750, yaani asilimia 16. Tumbo linalofanya kazi katika joto linapokea vizuri asilimia 6 hadi 8. Kinywaji kizito kuliko hapo hakipiti. Utumbo huvuta maji kutoka mwilini ili ukizimue kwanza. Unakunywa na unakaukiwa kwa wakati mmoja, tumbo linajaa, linacheza, kisha linarudisha.

Korosho, kwa heshima zote kwa mikoa yetu, si chakula cha juu ya baiskeli. Karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na mafuta hukaa tumboni kwa saa nyingi. Zile baada ya kumaliza. Madafu nayo yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, ilhali jasho lako linatoa sodiamu zaidi. Yanywe jioni kwa raha zako.

Kisha kuna kosa la saa ya tatu. Tumbo linahitaji damu ili lifanye kazi. Ukikaza, damu inakwenda miguuni; jua likichoma, inakwenda kwenye ngozi kupoza mwili. Ukianza kulilisha likiwa limekwisha kunyang'anywa damu kwa saa tatu, lina haki ya kugoma. Anza dakika ya 15 na uendelee kila dakika 20, ukiwa na njaa au huna.

Chupa mpya iwe hivi: mililita 750 za maji, vijiko vikubwa 4 vya sukari vilivyosawazishwa, robo kijiko cha chai cha chumvi, ndimu kidogo kama bado mnapatana. Hizo ni gramu 48 za wanga na asilimia 6 na nusu hivi. Ongeza tende ndogo mbili na umefika karibu gramu 60 kwa saa, kiasi kinachomtosha mtu wa mara ya kwanza. Sukari ya kawaida ina bahati nzuri: nusu yake ni glukosi na nusu fruktosi, na utumbo una milango tofauti kwa kila moja, hivyo msongamano unapungua. Ndizi mbivu ya wastani ina gramu 25, kijiko kikubwa cha asali gramu 17. Viazi mviringo vilivyochemshwa na chumvi huwafaa waliochoshwa na utamu, na wengi huchoka nao kufikia saa ya tano.

Usirukie gramu 60 wiki hii. Tumbo hufundishwa kama mguu. Wiki mbili gramu 30 kwa saa, wiki mbili 45, kisha 60, na katika kila safari ndefu kula kile kile utakachokula siku yenyewe.

Maji upime, usikisie. Jipime uchi kabla ya saa moja ya mazoezi na baada, ukiwa umejikausha. Ukianza na kilo 70.0, ukamaliza 68.9, na ulikunywa nusu lita, jasho lako ni lita 1.6 kwa saa. Huwezi kurudisha yote, tumbo halipokei kiasi hicho. Mililita 600 hadi 800 kwa saa ni lengo la watu wengi. Kurudi ukiwa mzito kuliko ulivyoondoka ndiyo hatari kubwa zaidi. Maji matupu mengi huzimua sodiamu ya damu. Dalili zake ni kichwa kuuma, vidole kuvimba mpaka pete inabana, kichefuchefu, kisha kuchanganyikiwa. Mtu wa namna hiyo asiongezewe maji, apelekwe hospitali. Aliyechanganyikiwa huku mwili unawaka moto ni jambo jingine, hata kama bado anatoka jasho: apozwe hapo hapo kwa maji ya baridi mwili mzima, ndipo asafirishwe.

Siku ya mashindano kula saa tatu kabla: boflo na asali, au wali mweupe, chai ya rangi yenye sukari. Maharage, mtindi na muhogo wenye nyuzi viishie juzi yake. Na ukiona tumbo limeanza kugoma, punguza mwendo dakika 15, kunywa maji matupu kwa mikupuo midogo, halafu anza upya na nusu ya kiasi. Kukaza mwendo ili ufike mapema na ukapumzike ndiko kunakowalaza watu kando ya barabara.

Assalaam aleikum. Ramadhani itaangukia katikati ya mazoezi yangu. Niache au niendelee? — Msomaji, Kilwa Masoko

Waaleikum salaam. Endelea, kwa nia ya kutunza ulichonacho, bila kujenga kipya. Punguza saa kwa theluthi hadi nusu. Zoezi jepesi la dakika 40 hadi 60 liishie karibu na adhana ya magharibi, ili ukimaliza ufuturu. Zoezi la kukaza, mara moja au mbili kwa wiki, lifanyike baada ya tarawehe, na liwe la kukimbia katika mtaa wenye taa. Baiskeli ya masafa usiku barabara kuu usiithubutu. Kama una fremu ya kusimamisha gurudumu la nyuma, endesha uani. Safari za saa tano zisubiri Shawwal.

Futari ianze na tende, maji na uji, chumvi kidogo. Chakula kizito kije baada ya zoezi. Daku usiikose, na kunywa polepole usiku kucha, si lita mbili dakika kumi kabla ya alfajiri, maana hizo utazikojoa zote. Mashindano yenyewe yachague wiki 10 au zaidi baada ya Idi. Mwenye kisukari au shinikizo la damu aonane na daktari wake kabla ya kuchanganya saumu na mazoezi.

Mimi ni dada wa miaka 27, najisitiri. Nitaruhusiwa kuogelea na kukimbia nimefunika mwili na kichwa? — Lindi

Dada, waandikie waandaaji kabla ya kulipa ada, na uwatumie picha ya vazi. Uliza wazi kuhusu mikono kupita kiwiko na miguu kupita goti majini. Suti ya mpira isiporuhusiwa, kanuni nyingi huzuia mavazi ya kufika huko kwa sababu yanasaidia kuelea, na ruhusa ya sababu za dini hutolewa kwa maandishi. Chapisha jibu lao ubebe. Kitambaa kiwe chepesi kisichonyonya maji. Pamba ikilowa inakuwa jiwe. Kofia ngumu ya baiskeli ijaribu juu ya ushungi utakaovaa siku hiyo, kwa maana hairuhusiwi kugusa baiskeli kabla hujaifunga kidevuni, na pini za kichwani zikikaa chini yake kwa saa saba utazihesabu moja moja.

Nimetoka kuugua malaria. Nimemaliza dawa mseto za siku tatu. Nirudi lini? — Nachingwea

Homa iwe imekaa mbali siku kadhaa na hamu ya kula imerudi. Anza na kutembea, kisha wiki nzima nusu ya kazi yako ya kawaida bila kukaza popote. Hesabu mapigo ya moyo asubuhi kabla ya kuinuka kitandani. Yakizidi ya kawaida yako kwa saba au kumi, siku hiyo lala. Usifidie wiki uliyopoteza. Imepotea.

Kukimbia mchangani Msimbati kunaongeza nguvu, si ndiyo? — Mtwara vijijini

Kunaongeza, na kunakata watu kano za kisigino pia. Mchanga laini dakika 10 hadi 15 mara moja kwa wiki inatosha. Mbio za kawaida kimbilia mchanga mgumu uliolowa maji yakikupwa, na kwa kuwa ufukwe umeinama, rudi kwa njia ile ile ili kila mguu upate zamu ya kuwa chini. Ila marathoni yako itakuwa ya lami, kwa hiyo theluthi mbili ya mbio zako ziwe za lami, hasa zile dakika 30 za kukimbia mara tu unaposhuka kwenye baiskeli. Hizo usiziruke. Miguu itakuwa kama ya kuazima kilomita mbili za kwanza, na ni vizuri ijue mapema kwamba hali hiyo hupita.

Nasafiri kwa basi hadi Dar, kisha ndege. Baiskeli nifungeje? Pedeli ya kushoto imenishinda kutoa kabisa. — Mtwara mjini

Imekushinda kwa sababu unaikaza. Pedeli ya kushoto ina nyuzi za kinyume: ifungue kwa kuzungusha kama saa inavyokwenda. Ya kulia kinyume cha saa. Ukizirudisha zipake grisi, na uanze kwa vidole mizunguko mitatu kabla ya kushika spana. Ikiwa nzito mwanzoni, umekosea upande au imeingia mshazari, itoe.

Omba katoni dukani wanakouza baiskeli mpya. Toa magurudumu, pedeli, siti na usukani, na usukani ufunge sambamba na fremu. Kila bomba livishe sponji. Katikati ya mikono miwili ya uma wa mbele, na vivyo hivyo ule wa nyuma, weka kipande cha mti cha upana wa kitovu cha gurudumu lake, la sivyo katoni ikikanyagwa uma unabanwa. Chombo cha kubadilishia gia cha nyuma kifungue kwenye fremu ukikifunge ndani. Kikipinda milimita chache tu, gia hazitakubali tena. Punguza upepo wa tairi kidogo. Kwenye basi katoni isimame wima, na uwepo mwenyewe linapopakiwa buti. Weka alama ya kalamu au utepe kwenye bomba la siti kabla ya kulitoa, ili ukifika usianze kupima upya kwa kisigino katika ukumbi wa hoteli usiku wa kuamkia mashindano.